Amana ya Ajuaye Chombo

Swali hili lililetwa darasani na kijana mmoja afanyaye kazi katika duka la saiba, nasi twalinakili kama alivyolisema: "Watu wazima huja kwangu na simu zao na vitambulisho vyao, wakanitajia nambari zao za siri mbele ya watu, ili niwatimizie haja zao. Wengine nimewafungulia eCitizen kwa barua-pepe yangu mimi, kwa kuwa wao hawana. Wakishaondoka, nambari zao husalia kichwani mwangu na katika daftari langu. Mimi sikuziiba, wamenipa kwa ridhaa yao. Je, nina lawama? Na je, yanipasa niwafundishe, au yatosha kuwatumikia?"

Twalishukuru swali hili kuliko maswali mengi yatufikiayo juu ya vyombo hivi. Yaliyo mengi huuliza juu ya chombo chenyewe: simu hii yafaa au haifai, picha ile yajuzu au haijuzu, mtoto apewe kompyuta akiwa na umri gani. Hayo ni maswali, na yana majibu yake. Lakini kijana huyu hakuuliza juu ya chombo. Ameuliza juu ya watu wawili waliosimama chombo kikiwa kati yao, mmoja akijua na wa pili hajui. Na kwa maoni yetu, dhuluma nyingi tuzionazo siku hizi, ambazo watu huzitupia simu na intaneti, hazitoki katika simu wala katika intaneti. Zatoka katika umbali ule ulio baina ya watu wawili hao.

Yafaa tukumbushane jinsi umbali huo ulivyoingia katika miji yetu. M-Pesa ilianza mwezi wa Machi mwaka 2007, na watu wa Malindi na Kilifi waliipokea upesi, kwani mji wenye wana wake Mombasa, Nairobi, Jidda na Doha ni mji uishio kwa fedha za kutumwa. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa, intaneti ikawa nyepesi kuliko ilivyokuwa. Mwaka 2023 serikali ikatangaza kuwa huduma zake zaidi ya 5,000 zapatikana kwa njia ya eCitizen. Na tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF ikaondoka, mahali pake ikashika SHA, na kila mtu akatakiwa ajisajili upya kwa simu au kwa kompyuta. Basi mzee wa Mambrui ambaye hajapata kugusa kompyuta maishani mwake, akitaka paspoti ya kwendea Hija, au akitaka kutibiwa, hana budi kupita mlango ambao ufunguo wake hana. Hatusemi kwamba mlango huo uliwekwa kwa nia mbaya. Zamani haja hiyo hiyo ilikuwa yamtoa mtu kwao alfajiri, apange foleni, aambiwe arudi kesho, na pengine atoe kitu chini ya meza. Lakini uwekapo mlango mahali ambapo walio wengi hawana ufunguo, mwenye ufunguo huwa bwana mkubwa pasi na kuchaguliwa na mtu.

Jambo hili si geni kabisa kwetu. Wazee wetu walikuwa na msomaji wa barua. Mwanamke ambaye mumewe yuko safarini, na yeye hajui kusoma, alikuwa akiichukua barua yake kwa mwalimu wa chuoni au kwa mtu wa mtaani aliyejua hati, na huyo humsomea. Msomaji yule alikuwa akijua talaka kabla ya mwenyewe kuijua. Alijua nani ametumiwa fedha na nani amesahauliwa, nani adaiwa na nani adanganywa. Na mji haukumtazamia ayaseme hayo barzani. Aliyeyasema alikuwa hana tena wa kumletea barua, wala salamu yake haikuitikiwa kwa uso mkunjufu. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa juu ya jambo hilo. Palikuwa na haya, na haya zilitosha.

Ni nini basi lililobadilika? Wengine husema kwamba siku hizi watu hawana haya. Maneno hayo ni mepesi kusemwa, na kila kizazi kimeyasema juu ya kizazi kilichofuata. Sisi twaona tofauti iko katika siri yenyewe. Siri ya barua ilikuwa khabari. Ikisomwa imekwisha, msomaji aliyeijua hakuweza kuitumia ila kwa kusema. Lakini nambari ya siri si khabari, ni mkono. Aijuaye leo aijua na kesho. Aweza kukaa Mtwapa akafanya jambo kwa jina la mtu aliyelala Gongoni, na mwenye jina asisikie hata mlango kulia. Nambari ya M-Pesa ni tarakimu nne tu, na tangu mwaka 2023 simu moja yaruhusiwa kuwekwa hata shilingi 500,000, na kutuma hata 250,000 kwa mara moja. Bibi atajaye tarakimu nne hizo kwa sauti dukani, kwa kuwa masikio yake mazito na adhani ya watu wote mazito vile vile, hakukupa khabari. Amekukabidhi kasha lake, na hajui kwamba amelikabidhi.

Na hapa ndipo tuufikiapo udhuru wa kijana wetu, kwamba amepewa kwa ridhaa. Ridhaa ni neno kubwa, nalo hutumika vibaya kila mahali mwenye nguvu anapokutana na asiyejua. Ikiwa mtu amekuuzia pakacha ya samaki iliyofunikwa, wa juu wazima na wa chini wameoza, nawe ukalipa ukicheka, je, umeridhia waliooza? Umeridhia uliowaona. Kadhalika bibi huyu: alilolijua na kuliridhia ni kwamba utamtolea shilingi 2,000 alizotumiwa na mwanawe. Huo ni uwakili, na uwakili wa kazi moja hukoma kazi hiyo ikimalizika. Baada ya kumhesabia fedha zake mkononi, wewe huna uwakili tena. Una nambari tu. Hatusemi kwamba umefanya dhambi kwa kuisikia, kwani sikio halina kifuniko. Twakuuliza, hiyo iliyo ndani ya daftari waishika kwa cheo gani? Mwizi hukuwa. Mwenyewe si wewe. Wakili umekwisha kuwa. Basi cheo kilichobaki ni kimoja, nacho ni cha aliyeshika amana bila ya kuombwa kuishika, na huyo wajibu wake wa kwanza ni kuirejesha. Nambari hairejeshwi kwa kusemwa tena. Hurejeshwa kwa kubadilishwa: mwenyewe aweke nyingine, wewe ukiwa umegeuza uso, na karatasi ichanwe.

Wako watakaosema kwamba huku ni kutia ugumu mahali pa wepesi, na kwamba kijana mwaminifu hana haja ya hayo yote. Twajibu kwamba uaminifu wake haukutiliwa shaka. Lakini daftari si yeye. Daftari huibwa, husahauliwa mezani, husomwa na mwenzake wa zamu ya jioni. Na siku fedha za mtu zitakapopotea, hata kama zimepotea kwa njia nyingine kabisa, wa kwanza kutazamwa ni yule aliyekuwa na nambari. Kwa hivyo kuichana karatasi ni kumhifadhi bibi, na ni kumhifadhi kijana mwenyewe.

Hili la barua-pepe ni zito zaidi, na ajabu ni kwamba watu huliona jepesi. Akaunti ya eCitizen, na akaunti nyingine nyingi za namna hiyo, hufunguliwa kwa neno la siri. Na neno la siri likisahauliwa, njia ya kupata jipya hupelekwa katika barua-pepe au simu iliyoandikwa humo. Maana yake ni kwamba mwenye barua-pepe ndiye mwenye mlango, hata kama jina lililobandikwa juu ya mlango ni la mwengine. Kijana aliyewafungulia watu thelathini kwa barua-pepe yake amejijengea nyumba thelathini katika viwanja vya watu, na funguo zote zi mfukoni mwake. Akihama kwenda Nairobi, au akifa, au akigombana na mwenye duka, watu hao hawana kwao. Kumfungulia mtu barua-pepe yake mwenyewe ni kazi ya dakika kumi. Aandikiwe karatasini kwa herufi kubwa, aambiwe aiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati ya shamba, na nambari ya simu iwekwayo humo iwe yake mwenyewe.

Tena kuna takataka zisizoonekana. Kila apitaye saiba ambaye sisi tumekaa na kompyuta zake aweza kufungua jalada lile liwekwalo vitu vilivyoteremshwa kutoka katika intaneti, akakuta humo vitambulisho vya watu wa mtaa mzima vilivyopigwa picha, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao, na barua za hospitali. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kazi ilikwisha, mteja akaondoka, karatasi yake ya kioo ikabaki. Nakala ya kitambulisho imepata kutumiwa kusajilia laini ya simu, kisha laini hiyo ikatumiwa kuwatapelia watu, na mwenye jina akatafutwa na polisi kwa jambo asilolijua. (Mwenye laini ya Safaricom aweza kubonyeza *106# akaona ni laini ngapi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na afanye hivyo leo, asingoje kusikia kwa jirani.) Mwenye duka aamrishe kwamba kila jioni kabla ya kufunga, jalada lile lisafishwe, na kila kompyuta itolewe katika akaunti za watu. Kama vile afagiavyo sakafu, asifunge akiacha hayo.

Sasa tulijie swali lake la pili, la kufundisha au kutumikia, ambalo kwetu sisi ndilo lenye mzozo.

Imam Ghazali katika Ihya aliihesabu elimu ya tiba na elimu ya hesabu kuwa katika faradhi za kifaya, yaani lazima mji uwe na wazijuao, la sivyo mji wote una lawama. Twaona hapana shaka kwamba kuvijua vyombo hivi leo kumeingia katika mlango huo. Mtaa ambao hauna hata mmoja mwaminifu ajuaye kumrejeshea mtu fedha alizotuma kwa makosa, mtaa huo una upungufu, kama mtaa usio na mkunga. Lakini faradhi ya kifaya maana yake si kwamba kila mmoja awe fundi. Hakuna aliyemlazimisha kila mgonjwa awe tabibu. Kwa hivyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba asiyetaka kujifunza aachwe ataabike hata ajue. Tumemwona mzee mwenye mtoto wa jicho, mikono yamtetemeka, asimamishwa mbele ya vijana na kuambiwa "Bonyeza hapo, mzee, si hapo, hapo!" nao wanacheka. Hiyo si elimu. Huko ni kumvunjia mtu heshima yake kwa jina la elimu.

Na upande wa pili, hatukubaliani na mwenye duka asemaye: "Nikiwafundisha wote, nani atakuja kwangu?" Maneno haya twayasikia, na wengine huyasema kwa mzaha hali ni kweli. Kazi ya kuuza ujuzi ni halali, na ujira wake ni halali. Lakini kuna tofauti baina ya kuuza ujuzi wako na kuuza ujinga wa mwenzio. Auzaye ujuzi hufurahi mteja akielewa, kwani mteja aelewaye huja na haja kubwa zaidi. Auzaye ujinga hana budi kuutunza usipungue. Huificha njia, huzungumza maneno ya kutisha, hugeuza kioo upande wake ili mtu asione kinachobonyezwa. Mteja akishatoka hajui zaidi ya alivyoingia, na hilo ndilo lililotakiwa. Ukitaka kuijua hali yako u upande gani, jiulize: mtu niliyemtumikia mara kumi, mara ya kumi na moja amepunguza kunihitaji au amezidisha?

Hapa hapa Malindi, mwaka 1498, Vasco da Gama alipata mwongoza njia wa kumvusha bahari hadi Kalikut. Alikuwa na merikebu na mizinga, wala hakujua njia. Na watu wote waliokuwamo walikuwa mkononi mwa mtu mmoja aliyejua nyota na pepo. Hatuna haja ya kusifu waliyoyafanya Wareno baadaye katika pwani hii. Tulitakalo ni kuonyesha kwamba ajuaye njia ndiye mwenye chombo kwa muda wa safari hiyo, hata kama hana msumari mmoja ndani yake. Na wako wadhanio kwamba kukaa karibu na vyombo kwatosha kuvijua. Tarehe 12 Disemba 1970, kutoka katika jukwaa la San Marco baharini mbele ya Ngomeni, Wataliani pamoja na Wamarekani walirusha setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza ulimwenguni kufanywa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Wavuvi wetu waliuona moto wake kutoka mashuani. Wangapi katika watoto wa Ngomeni walielezwa siku ile ni nini kilichopanda, na chatafuta nini? Leo kila mfuko wa kanzu una simu, na hali ni ile ile: chombo ki karibu, elimu yake i mbali.

Basi rai yetu ni kwamba afundishwe awezaye, atumikiwe asiyeweza, na mwenye kuamua ni nani aweza na nani hawezi awe ni yeye mwenyewe, usiwe mfuko wako. Lakini liko jambo moja ambalo kila mtu, ajuaye na asiyejua, kijana na kikongwe, hana budi kufundishwa kabla ya kufundishwa kutuma wala kupokea. Nalo ni kwamba hapana mtu wa kampuni, wala wa benki, wala wa serikali, mwenye haki ya kumwomba nambari yake ya siri kwa simu. Hana haki hata akijua jina lake kamili. Hana haki hata akizungumza Kiswahili fasaha na kumwita mama. Na tarakimu sita zile ziletwazo kwa ujumbe wakati mtu anapofungua WhatsApp katika simu mpya, hizo ni funguo; anayekupigia na kukuambia "nimekutumia kwa makosa, nisomee" amesimama mlangoni mwako akingoja umfungulie. Tumeona akaunti ya mtu mzima wa heshima ikichukuliwa hivyo, na saa ile ile jamaa zake wote wakaombwa mchango wa matibabu kwa jina lake, nao wakatoa, kwani ni nani angemnyima? Programu hiyo ina mahali pa kuongeza nambari ya pili ya kujihami, iitwayo uthibitisho wa hatua mbili. Kijana wa nyumba amwekee mamake leo jioni. Na aliyetuma fedha kwa M-Pesa kwa nambari siyo, aupeleke ujumbe wa kutuma kwa 456 upesi, kabla ya kuanza kumpigia mpokezi na kumsihi.

Yako na mengine ambayo ajuaye humdhulumu asiyejua, nayo twayataja kwa kifupi. Kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 wakoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11 kwa kukosa kijisehemu kitakiwacho. Kwa ajili hiyo wako mafundi wanaowaambia watu kwamba kompyuta zao zimekufa, wanunue nyingine. Hazikufa. Kompyuta ya namna hiyo, ikiwekwa mfumo huria kama Ubuntu, ambao hautozwi fedha, yaweza kumtumikia mwanafunzi au mwenye duka miaka mingine kadhaa kwa barua, hesabu na intaneti. Ajuaye hilo na asiliseme, akauza, amefanya ghushi, ingawa hakusema uwongo hata neno moja. Kadhalika atiaye katika kompyuta ya mtu programu ya wizi, na mtu adhani amenunua halali. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Disemba 1988, iliamua kwamba haki za watungaji na wavumbuzi ni mali yenye kuhifadhiwa, haijuzu kuivamia. Wengine hutoa udhuru wa ufukara, nao tulikuwa twausikiliza. Lakini maadamu ziko programu huria zifanyazo kazi hiyo hiyo bila ya malipo, udhuru umekonda sana.

Fundi wa simu naye ana jambo lake. Simu ya mwanamke iliyovunjika kioo yaingia dukani kwake na picha za nyumba nzima ndani: harusi, watoto, dada waliovua mitandio yao kwa kuwa walikuwa peke yao. Kioo hubadilishwa pasi na kufungua picha. Afunguaye amechungulia dirishani mwa watu, na anayezipeleka kwa mwenzake ameivunja sitara ambayo hakuna kioo kipya cha kuirudisha. Na kwa sheria ya nchi ya mwaka 2018 juu ya makosa ya kompyuta, kueneza picha za faragha za mtu ni hatia. Watu nao wajue kwamba picha iliyofutwa haijatoweka hapo hapo. Mara nyingi chombo huandika tu kwamba nafasi ile i wazi, na picha yenyewe hukaa pale hata ije nyingine juu yake, na programu za kuifufua zipo. Kwa hivyo kadi ya memori haiuzwi pamoja na simu. Na simu yenyewe, kabla ya kuuzwa, itolewe akaunti zake kisha irudishwe katika hali ya kiwandani.

Tusiwaachie lawama yote vijana. Wako watu wazima katika sisi wasemao "Mimi mambo haya ya simu siyajui" kwa sauti ya mtu anayetaja sifa, kana kwamba kutojua ni uchaji. Mtu huyo huyo aweza kuzihesabu nazi za shamba lake kwa kutazama tu, na aijua minada ya ng'ombe ya Mariakani kwa bei na kwa siku. Akili haikumpungukia. Lililopo ni kwamba aona aibu kufundishwa na mjukuu wake. Basi humpa mjukuu simu na nambari, na mjukuu hujifunza mapema kwamba mali ya babu ni kitu cha kubonyezwa. Hapo amemtia mtoto katika mtihani ambao mtoto hakuuomba.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi darasani, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na khabari ya nyumba fulani. Mtu afa usiku. Simu yake iko juu ya kabati, ina fedha, na mmoja wa wanawe aijua nambari kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimtolea. Kabla ya kupambazuka fedha zimekwisha kutoka. Akiulizwa husema: "Baba mwenyewe alinipa nambari." Naam, alimpa, akiwa hai. Uwakili hukatika kwa mauti ya aliyeuweka, na tangu pumzi ile ya mwisho zile zilizomo ndani ya simu si za baba tena wala si za mwana huyu. Ni mali ya mirathi. Zina njia yake: gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia, kisha warithi kwa mafungu yao, pamoja na dada aliyeolewa Takaungu ambaye hata hakuambiwa kwamba palikuwa na fedha. Ikiwa mwana yule alizitoa kwa ajili ya sanda na kaburi, na aandike alichotoa na alichonunua, awaonyeshe wenziwe siku ya tatu. Kampuni huwalipa warithi fedha za marehemu wakileta cheti cha kifo na hati za mirathi, na Kadhi yupo. Haina haja ya kukimbizana na alfajiri.

Na marehemu naye huweza kuwa amedaiwa humo humo simuni pasi na watu wake kujua. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, humkopesha mtu fedha zilizopungua katika M-Pesa yake kwa ada. Hukumu ya ada hiyo ni swali lake mbali, nalo tutalijibu likifikiwa zamu yake. Lakini deni ni deni, na nafsi ya maiti yafungika nalo. Kwa hivyo twawanasihi watu wakiandika wasia zao waandike pia: laini zangu ni hizi, fedha zangu za simu ziko katika kampuni hizi, na mikopo yangu ni hii. Nambari ya siri isiandikwe humo, kwani warithi hawaihitaji. Wala laini ya marehemu isitupwe mara moja. Laini isiyotumika kwa miezi hufungwa, na nambari yake kampuni yaweza kumpa mtu mwengine, naye akaanza kupokea jumbe za kufungulia barua-pepe na akaunti za marehemu. Warithi waiweke hai kwa muda, wazifunge akaunti moja baada ya moja, kisha ndipo waiache.